Wikendi nalala tu hosteli: nitembee Dodoma au nisome?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 20 kutoka Mombasa, nimekuja kusoma Dodoma, mwaka wa kwanza, sasa ni wiki ya saba. Jumatatu hadi Ijumaa ni darasani na maktaba. Jumamosi nafua na kulala. Jumapili ndiyo mbaya zaidi, naweza kulia bila sababu. Wenzangu wanasema Dodoma hakuna cha kuona, ni jangwa na ofisi za serikali tu. Rafiki zangu wawili waliokwenda kusoma nje, Uturuki na Malaysia, wanatuma picha kila wiki. Mama hunipigia kila siku na kunisihi nisizurure, nisome nirudi. Testi ya kwanza nimepata 11 kwa 20, na naogopa nikianza kutembea nitadisko, nifukuzwe chuo kwa kufeli. Baada ya chakula na vocha hubaki na kama 60,000 za huku kwa mwezi. Je, nivumilie miaka mitatu, nikimaliza ndiyo nitembee? Na msichana peke yake anaweza kusafiri huku?"

Marahaba, mwanangu. Nimekuwa mshauri wa wanafunzi hapa Dodoma kwa miaka kumi na minne, na maswali ya namna hii hunijia kila muhula. Lakini katika lako kuna jambo limenisimamisha. Rafiki zako wa Uturuki na Malaysia umesema wamekwenda "kusoma nje". Wewe umesema umekuja "kusoma Dodoma". Umevuka Lunga Lunga, umegongewa muhuri Horohoro, umebadilisha pesa, umebadilisha laini ya simu, na bado hujihesabu kuwa uko nje.

Kiswahili ndicho kinachokudanganya. Mwanafunzi anayeshuka Ankara haijui lugha, kwa hiyo kila mtu anamjua ni mgeni na mwenyewe anajijua. Anapokewa, anazungushwa mjini, anaonyeshwa duka la mkate, akikosea anasamehewa. Wewe ulifungua mdomo siku ya kwanza, watu wakadhani umeshafika. Hakuna aliyekuzungusha, nawe ukaona haya kuuliza. Kumbe ugeni uko palepale, umejificha kwenye vitu vidogo: pojo huku ni choroko, tuktuk ni bajaji, matatu ni daladala. Ukisema "nipe chai" mama ntilie anakutupia jicho, kwa kuwa amezoea "naomba chai". Buku ni elfu moja, jero ni mia tano. Na lile bumu linalofanya bweni zima licheke wiki ya kwanza na kukopeshana chumvi wiki ya tano wewe halikuhusu, ni mkopo wa serikali kwa Watanzania. Kila kimoja ni chembe ya mchanga kwenye kiatu, na umetembea nazo wiki saba.

Sasa hicho kilio cha Jumapili. Mombasa hukuwahi kupanga kukutana na watu. Ulitoka mlangoni, jirani akakusalimia, binamu akapita, muuza mahamri akakutania, barazani hapakukosa maneno. Hukuyahesabu mazungumzo hayo kuwa ni kitu, lakini ndiyo yaliyokushikilia. Mtu akihama, yote hukatika siku moja. Wiki za mwanzo pengo halionekani kwa sababu ya foleni za usajili, kutafuta godoro, ndoo na kitambulisho. Shughuli hizo zikiisha, ukimya ndio unaingia, na huingia siku ambayo haina vipindi. Kwa hiyo hulii bila sababu, wala si upungufu wa imani au wa malezi kama ndugu wengine watakavyokuambia.

Kulala Jumamosi kutwa nako hakukupumzishi. Ukilala mchana mpaka saa kumi, usiku usingizi hauji, Jumapili unaamka na kichwa kizito, Jumatatu unasinzia darasani. Hiyo 11 naishuku imetoka huko, maana huo uzururaji unaoogopa hata hujaufanya. Na tena 11 kwa 20 imevuka nusu. Vyuo vingi hapa, kazi za muhula huchukua 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo bado uko mwanzoni kabisa mwa safari. Waliodisko niliowaona mimi si waliokwenda Kondoa. Ni waliojifungia chumbani, wakaacha semina, wakaogopa kumfuata mwalimu, mpaka sapu, mitihani ya kurudia, zikawa nyingi kuliko walizoweza kubeba.

Chukua karatasi tufanye hesabu. Wiki ina saa 168. Toa 56 za kulala, saa nane kila usiku. Toa vipindi, tuseme saa 22. Toa 25 za kujisomea, ambazo kwa mwaka wa kwanza si haba. Zinabaki 65. Kupika, kufua, ibada, kungoja daladala na kungoja maji vikimeza 35, bado una 30. Zilipo hizo 30, simu yako inajua.

Ningekuwa wewe, Jumamosi ningeamka saa ile ile ninayoamka Jumanne, nikasoma kwa muda wa saa mbili kwenye kimbweta, yale mabenchi ya nje ya chuo, kabla jua halijawa kali, kisha saa tatu nikatoka. Kila wiki jambo moja dogo la hapa mjini, na safari ndefu moja au mbili kwa muhula, si zaidi. Jumapili alasiri iwe ya kusoma na mtu, hata kama mnasoma masomo tofauti. Jioni mpigie mama wewe, kabla hajapiga yeye. Mzazi anayepigiwa huuliza maswali machache kuliko anayepiga.

Kuhusu "hakuna cha kuona". Wanaosema hivyo wanatafuta mji uliokaa kama Mombasa au Dar. Mombasa ni kisiwa, bandari imewavuta watu mahali pamoja kwa mamia ya miaka, ndiyo maana Ngome, Mji wa Kale na Marikiti unavimaliza kwa mguu kabla ya adhuhuri. Dodoma ilianza kama stesheni. Reli ya Wajerumani ilifika hapa 1910, mji ukaota kandokando yake. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu ya nchi yahamie huku, na mpango wa mji wa 1976 uliuchora kwa makusudi kama makazi yaliyotawanyika, yenye vilima na vichaka katikati. Basi unapotoka chuoni ukatembea nusu saa hujakuta kitu ila miiba na ghorofa la wizara, hujapotea. Ndivyo ulivyochorwa.

Jangwa nalo si kweli. Ni nyanda kame. Mvua inanyesha, kama milimita 570 kwa mwaka, ila huja kwa msimu mmoja, Desemba hadi Machi au Aprili, wakati nyie wa Pwani mmezoea masika na vuli. Umefika wakati wa vumbi na joto. Ngoja mvua mbili tatu zishuke, utaona mlima uliokuwa rangi ya matofali umegeuka kijani ndani ya wiki mbili, na mlenda unauzwa mafungu kila kona.

Mji wa namna hii huuoni kwa kuzunguka mitaa, unauona kwa kufuata barabara zake nne: ya Morogoro, ya Iringa, ya Singida na ya Kondoa. Lakini anza na za hapa hapa, kwa daladala. Soko la Majengo asubuhi, kwa mfano. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na msimu ukikolea utazikuta za kijani na nyeusi zimepangwa kwenye mabeseni, nyuki wamezizunguka, muuzaji hawafukuzi wala hawamng'ati. Yale mabuyu mnayoyala Mombasa, mekundu na yenye sukari, huku utayaona yananing'inia mtini, na unga wake mweupe utauziwa bila rangi. Utaukunjia uso mara ya kwanza. Jioni, mkiwa wanne, nendeni Chako ni Chako mgawane kuku wa kuchoma. Ukienda peke yako utamaliza bajeti ya wiki kwa paja moja.

Kilima cha mawe wanachokiita Simba kitakupa mji mzima kwa jicho moja. Hayo mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kama yamepangwa na mtu ni matale (graniti) ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalipasukia chini ya ardhi, maji yakala pembe zake polepole, halafu udongo ukachukuliwa na mvua na upepo yakabaki wazi. Panda asubuhi na wenzako, si jioni peke yako. Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge linapokaa kwa bajeti, andikeni barua kupitia chuo mkaketi jukwaa la wageni. Vaa nguo ya heshima, beba pasipoti. Hayo tayari ni matembezi manne na hujavuka mipaka ya jiji.

Barabara ya Morogoro itakufikisha Chamwino, kilomita kama 30. Ndiko iliko Ikulu, jengo jipya lilizinduliwa Mei 2023, na hapo kamera ikae mkobani, kama ilivyo kwa kambi za jeshi na majengo ya serikali yote. Mimi hunipeleka Chamwino muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo wa huku: zeze, marimba za kidole gumba, na muheme, ngoma ambayo wanawake huibana mapajani na kuipiga wamesimama. Marehemu Hukwe Zawose aliyeupeleka muziki huu duniani alikuwa Mgogo wa pande hizi. Ukiingia kijijini salimia "mbukwenyi", uone nyuso zinavyofunguka. Mbele zaidi ni Kongwa, ambako Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga 1947 na kuutupa 1951 baada ya ardhi kavu kuwashinda, na ambako kuanzia 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia waliweka kambi. Barabara ya Singida ina Bahi na mpunga wake, kisha maziwa ya Singidani na Kindai yenye heroe. Ya Iringa ina bwawa la Mtera na samaki wake. Hizo mbili zisubiri mwaka wa pili.

Ya Kondoa usiisubirishe. Muhula wa kwanza mvua itakusumbua, lakini Juni, baridi ikiwa imeshuka na majani yamekauka, nenda. Ni sehemu ya ile njia kuu ya zamani ya kutoka Cape hadi Cairo, na tangu 2018 ni lami mpaka Babati. Kondoa mjini ni kama kilomita 160, Kolo iko mbele yake kidogo, pembeni mwa barabara, na hapo ndipo penye ofisi ya mambo ya kale unapoandikishwa na kupewa mwongoza wageni. Bila yeye huendi, na hata ungeenda usingeona kitu.

Michoro iko kwenye miamba iliyoinama kama paa, katika vilima vilivyo juu ya bonde. Kwenye mwamba wa Mongomi utasimama dakika nzima unaona madoa mekundu tu. Kisha mwongozaji atanyoosha kidole bila kugusa, na ghafla doa linakuwa mtu: mwembamba, mrefu kama kivuli cha saa kumi na moja, kichwa kikubwa kama amevaa manyoya. Pembeni yake twiga. Juu ya twiga, pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi, inahusishwa na wawindaji wa zamani, na Wasandawe wa Kwa Mtoro wanatajwa kuwa karibu nao. Ile myeupe, minene, iliyopakwa juu ya myekundu, ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Mary Leakey aliinakili mingi miaka ya 1950, na UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia 2006, miaka mitano kabla ya Fort Jesus yenu. (Wachokoze nayo kina Mombasa.)

Usiguse, usimwagie maji ili picha itoke vizuri, maana hicho ndicho kinachoifuta. Na ukikuta alama za pombe au majivu chini ya mwamba, usicheke. Wazee bado hupanda kuomba mvua pale. Ni mahali pa ibada kabla ya kuwa mahali pa picha.

Kutoka Kolo kwenda Mongomi ni kilomita kadhaa za njia mbovu na mwisho ni kupanda kwa mguu, kwa hiyo msiende mkarudi siku moja. Kusanyaneni sita au saba, mkodi Noah, lile gari dogo la abiria, mlale gesti Kondoa Jumamosi, mrudi Jumapili mchana. Mwaka fulani nilipeleka kundi kwa basi la bei rahisi, likatufia porini saa tisa alasiri na kondakta akatuambia "fundi yuko njiani" hadi giza likaingia. Tangu siku hiyo nasafiri asubuhi, na nabeba maji ya kunywa maradufu.

Hili linanileta kwenye swali la msichana peke yake. Mchana, kwa basi au treni, ndiyo, wanawake husafiri peke yao huku kila siku. Treni ya SGR inayokwenda Dar tangu Julai 2024 ni salama na tulivu, na tiketi yake inataka pasipoti yako. Ninachokukataza ni bodaboda usiku, kupanda vilima peke yako, na kukubali kupelekwa "kuonyeshwa mji" na mtu uliyekutana naye jana, hata kama anasema ana shangazi Kisauni, huko kwenu Mombasa. Mwambie mwenzako mmoja unakokwenda, na saa ya kurudi. Mama naye usimfiche. Neno "kutembea" kwake ni uzururaji kwa sababu halina mahali wala saa. Mwambie "Jumamosi tunakwenda Chamwino watano, tunarudi saa kumi", kisha saa kumi mpigie kweli.

Pesa. Elfu sitini ni kidogo lakini inatosha. Kata 7,000 kila wiki kwa Jumamosi, ni nauli na kitu cha kutafuna. Weka 15,000 kwa mwezi pembeni, usiziguse. Kuanzia sasa hadi Juni utakuwa na zaidi ya 90,000, na mkiwa saba kwenye Noah moja, Kondoa haikushindi. Uliza viingilio mapema na useme wewe ni Mkenya, kwa sababu sehemu nyingi mgeni wa Afrika Mashariki hatozwi kama mtalii wa Ulaya. Na usiige matumizi ya wenzako bumu linapotoka. Wao wanakula mkopo wa miezi, wewe unakula mshahara wa mama.

Kuna jambo hukuniuliza nami sitaliacha. Muhuri wa mpakani ni wa mgeni apitaye. Kusoma kunataka kibali cha mwanafunzi kutoka Uhamiaji. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanarahisishiwa, lakini kurahisishiwa si kusamehewa, na wanafunzi wa Kenya ndio ninaowaona wakisahau zaidi, kwa sababu ile ile niliyoanza nayo: hawajioni wageni. Kama bado, Jumatatu nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako, na usisafiri mkoa mwingine kabla ya kulimaliza.

Mwisho, kuhusu kilio. Kikija Jumapili na kuondoka Jumatatu, mpango huu unaweza kukipunguza. Lakini kikikaa siku zote kwa wiki mbili, ukashindwa kulala au kula, ukaacha vipindi, au likakujia wazo kwamba afadhali usingekuwapo, hapo usitafute jibu kwa maandishi. Nenda siku hiyo hiyo kwa mshauri wa chuo au zahanati, na umchukue mtu akusindikize. Utasikia watu hapa wakitania "atapelekwa Mirembe". Mirembe ni hospitali ya afya ya akili, ina madaktari na wauguzi wanaofanya kazi yao, na mtu huenda, hutibiwa, hurudi darasani. Nimewasindikiza wanafunzi mwenyewe.

Jumamosi hii usiende mbali. Shuka Majengo, nunua ubuyu wa jero mbili, rudi nao bwenini na ugonge mlango wa jirani yako. Kuna uwezekano mkubwa naye katoka Mbeya au Bukoba na Dodoma haijui. Muulize kwao wapi.